Kuingia gatini peke yako: kamba ya kwanza isiwe ya omo

Msomaji mmoja wa Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, ana mashua ya tanga ya fiberi, futi 22, yenye mkuku (uti wa chini ya mashua) mfupi na ubao wa kati unaoshushwa na kupandishwa. Nyuma ina mashine ya kupachika ya farasi 5. Mwenzake wa kutweka naye amehamia Nairobi, kwa hiyo sasa anasafiri peke yake. Akirudi, baada ya adhuhuri, kwenye gati linaloelea ndani ya hori (mkono wa bahari ulioingia bara), huacha usukani, hukimbilia omo, yaani mbele ya mashua, na kamba, huruka gatini na kuvuta. Tezi, yaani nyuma ya mashua, hufunguka ikaenda kumgonga jirani. "Siku nyingine naingia vizuri tu," anaandika, "siku nyingine ni aibu tupu mbele ya watu, na sioni tofauti ni nini. Je, ninunue mashine ya farasi 10, au niache kutweka peke yangu?"

Ndugu yangu, pesa za mashine ziweke kwanza. Mashua ya futi 22, yenye uzani wa tani moja na kitu, inasimamishwa vizuri na farasi 5 mradi inaingia polepole. Ukipachika chuma kizito zaidi kwenye tezi ya chombo kidogo kama hicho, utakizamisha nyuma, na tatizo litabaki palepale. Haliko kwenye mashine. Liko kwenye hiyo mbio ya kwenda omo.

Tazama mambo yanayotokea kwa mpigo mmoja unapoondoka nyuma. Usukani na mashine vinabaki bila mkono. Uzito wako unahamia mbele, tezi inanyanyuka, na rafadha (ile feni ya majini) ya mashine yenye shafti fupi inaanza kunyonya hewa: unasikia ikipiga kelele bila kusukuma kitu. Kisha unaruka na kuvuta omo. Hapo omo imekuwa bawaba na mashua yote ni mlango. Upepo au mkondo ukigusa tezi kidogo tu, mlango unafunguka. Mtu mwingine angekuwa nyuma angeuzuia kwa mashine. Wewe uko gatini umeshika kamba, na hakuna uzito wa mwanadamu unaoweza kurudisha tani moja iliyokwisha kuanza kuzunguka.

Kwa hiyo, mtu aliye peke yake haendi omo kabisa mpaka mashua iwe imeshikwa. Na kamba ya kuishika ni ya ubavuni, katikati ya mashua, ambayo unaifanyia kazi ukiwa umekaa karibu na kana, ule mkono wa usukani.

Iandae hivi. Chukua kamba ya nailoni ya milimita 12. Nailoni inanyumbuka kidogo, nawe unautaka huo mnyumbuko. Upande mmoja piga kitanzi kikubwa kisichokaza, kisha kipitishe ndani ya kipande cha mpira wa bomba la maji ili kibaki wazi kama mdomo wa ndoo. Upande wa pili upitishe kwenye chuma cha kufungia kamba kilicho ubavuni, halafu urudishe nyuma hadi kwenye winchi unayoifikia ukiwa umekaa. Kama mashua yako haina chuma cha ubavuni, na nyingi za umri huo hazina, tumia bamba linaloshika waya wa mlingoti, ukihakikisha kamba haikwaruzwi na ncha yoyote. Baadaye tafuta fundi akuwekee chuma cha kweli, chenye bamba la kukiimarisha upande wa ndani.

Urefu wa sehemu itakayokuwa nje ya mashua ndiyo hesabu muhimu. Katika futi 22, kutoka ubavuni hadi kwenye rafadha kuna kama mita 3 na kitu. Pima ya kwako, kisha funga kamba kwenye winchi kwa namna ambayo kitanzi hakiwezi kuifikia rafadha hata kikianguka majini. Kamba iliyojisokota kwenye rafadha mita chache kutoka gatini ni msiba unaoepukika kwa futi ya kupimia tu.

Kitanzi hicho hukitupi kama anayetega ng'ombe. Unakitundika kwenye upembo, au ule upondo wako wenye ndoano, na unapopita kando ya chuma cha gatini unakivisha. Gati linaloelea linakurahisishia kazi, kwa sababu liko karibu usawa mmoja na sitaha yako saa zote, maji yakijaa au yakipwa. Ukienda siku moja kwenye gati la mawe utaona tofauti: huko kitanzi utakivisha juu ya kichwa chako, na kamba zote utaziachia nafasi ya maji kushuka, la sivyo utakuta mashua inaning'inia.

Kitanzi kikishakaa, kamba inaelekea nyuma kutoka ubavuni mwa mashua hadi kwenye chuma cha gati. Sasa acha mashine kwenye gia ya mbele, mwendo wa chini kabisa. Mashua inataka kwenda mbele, kamba inakataa, na kwa kuwa imefungwa ubavuni, mvuto wote unaishia kuiegemeza mashua gatini. Inakaa hapo imebanwa juu ya dafrao, ile mito ya kukinga ubavu. Upepo unaweza kuvuma kutoka gatini na bado isiondoke. Manahodha wa boti za abiria kule Lamu wana kawaida ya jamaa yake: boti inapeleka pua kwenye ngazi za gati, nahodha anaacha mashine ikisukuma taratibu, watu wanashuka, na kamba hata haijafungwa. Wao wanausukuma ukuta kwa pua, wewe unaivuta kamba kwa ubavu.

Mara ya kwanza huenda omo ikajikita gatini na tezi ikatoka nje. Usiogope. Geuza mkono wa mashine kuelekea gatini. Rafadha itasukuma tezi iingie. Ikiwa omo ndiyo inayotoka nje, punguza hicho ulichogeuza. Ukiona unalazimika kugeuza sana kila siku, sogeza mahali pa kamba: nyuma kidogo ikiwa omo inajikita, mbele kidogo ikiwa inakimbia. Ukishapapata, weka alama ya rangi na usipaguse tena.

Nimesema geuza mkono wa mashine, sikusema kana. Hapa ndipo mashine ya kupachika inapowachanganya watu waliojifunzia kwenye mashua zenye injini ya ndani. Huko rafadha iko mbele ya usukani na inautupia maji. Ukitia moto kidogo, usukani unashika hata mashua ikiwa imesimama. Yako imepachikwa kwenye bamba nyuma, tena pembeni, na maji yake hayaugusi usukani. Kwako usukani unafanya kazi kwa maji yanayopita kwa mwendo wa mashua tu. Mwendo ukiisha, kana unaweza kuisukuma kulia na kushoto hadi jua litue, mashua haikusikii. Lakini umepewa kitu ambacho wenye injini ya ndani hawana: unaweza kuielekeza rafadha yenyewe, ukienda mbele na ukirudi nyuma. Kwa hiyo katika mita za mwisho kana ifunge katikati kwa mpira au kamba fupi, na uendeshe kwa mkono wa mashine. Wapo wanaopenda kushika vyote viwili. Mimi naona aliye peke yake ana mikono miwili tu, na mmoja ni wa upembo.

Kuhusu gia ya nyuma, mambo mawili. Kwanza hakikisha komeo la kuzuia mashine isiinuke limeshika. Lisiposhika, ukitia nyuma mashine inajinyanyua yenyewe kutoka majini na breki yako imekwisha. Pili, ijaribu ukiwa bado mbali. Tia nyuma, ongeza moto, ona mashua ikisimama. Mashine ndogo sana, za farasi 2 na nusu au 3, aghalabu hazina gia ya nyuma kabisa na huzungushwa mzima mzima; ya kwako ya 5 kwa kawaida inayo. Na ukitaka kutumia pesa, tumia hapo: badala ya mashine mpya, uliza kama kuna rafadha yenye msokoto mdogo kwa mashine yako. Rafadha nyingi zinazouzwa nazo zimekusudiwa viboti vyepesi vinavyokimbia. Msokoto mdogo unashika vizuri zaidi kwenye chombo kizito cha mwendo wa pole, hasa wakati wa kusimama. Na siku mashine hii itakapokufa, nunua yenye shafti ya inchi 20, si 15.

Sasa nije kwenye siku zako nzuri na siku zako za aibu, maana nadhani tofauti ninaiona kutoka hapa. Umesema hurudi baada ya adhuhuri, lakini hukutaja hali ya mwezi angani. Bamvua ya pwani yetu, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kuelekea saa nne na hujaa kuelekea saa kumi, asubuhi na jioni. Tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita 3, na maji yote hayo yanaingia hori ya Mtwapa kwa mlango mmoja mwembamba. Hayaingii kwa kasi moja. Wanamaji hugawa maji ya kujaa katika mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ukirudi saa saba mchana siku ya bamvua, umekuja katikati kabisa ya yale matatu-matatu, na mkondo unaingia kwa nguvu zake zote. Ukirudi saa ileile wiki moja baadaye, ni maji mafu, mkondo hauna neno, nawe unaonekana fundi.

Ratibu ya kurudi basi ianze kwa mwezi. Siku za bamvua kaa nje hadi saa tisa na nusu, uingie maji yakiwa karibu kusimama. Jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, linakutosha kwa Mtwapa.

Ukilazimika kuingia mkondo ukienda, ingia ukiutazama. Hili halina mjadala. Hesabu yake ni hii: tuseme mkondo una noti (maili za bahari kwa saa) 1 na nusu, na mashua yako inahitaji noti 1 na nusu za maji yanayopita usukanini ili ikusikie. Ukiutazama mkondo, usukani unashika na bado kwa macho ya mtu aliye gatini umesimama tuli. Ukija nao, ili usukani ushike unapita gatini kwa noti 3, yaani mita moja na nusu kila sekunde. Kabla hujainua upembo, chuma chako kimeshapita na sasa unautazama mlingoti wa jirani. Nguvu ya kugonga nayo inakua kwa kipeo cha pili: mwendo mara mbili, kishindo mara nne.

Kuutazama mkondo kunakupa na zawadi nyingine. Simama sambamba na nafasi yako, upana wa mashua mbili kutoka gatini, mashine ikisukuma kiasi cha kukuweka hapo hapo. Kisha elekeza omo gatini kidogo sana, kama mshale wa saa unapotoka kwenye kumi na mbili kwenda kwenye dakika ya pili. Mkondo sasa unapiga ubavu wa nje na mashua inateleza kimbavumbavu kuelekea gatini bila kwenda mbele wala nyuma. Ukiona inaharakisha, nyoosha omo. Ukiona imesita, elekeza tena. Hushindani na chochote. Ubao wa kati uwe umeshushwa, kwa sababu bila ubao mashua itateleza popote upepo upendapo.

Upepo ndio unaoharibu raha hii. Mkondo na upepo vikitoka upande mmoja, hakuna swali. Vikipingana, usikisie. Nenda mbele ya gati kwenye maji wazi, weka gia huru, uhesabu hadi thelathini na uangalie mashua inakwenda wapi. Anayeisukuma huko ndiye mwenye nguvu, na yeye ndiye utakayemtazama. Vyombo vilivyo kwenye maboya vinaweza kukudanganya: chenye mkuku mrefu kinaufuata mkondo, kiboti chepesi kinaufuata upepo, na vyote viwili vinaweza kuwa jirani vikitazamana.

Upepo unaokusukuma gatini ni mwepesi kuliko unavyodhani. Usiende hadi gatini; simama sambamba nalo, nusu mita hadi mita moja nje, dafrao zote zikiwa chini, uache upepo umalizie. Kosa la watu ni kwenda kwa pembe kubwa, kwa kuwa upepo unaishika omo kwanza na kuitupa gatini. Upepo unaovuma kutoka gatini ndio mgumu. Hapo pembe iwe kubwa, digrii thelathini hadi arobaini na tano, mwendo uzidi kidogo, kwa sababu ukipunguza mapema omo itapeperushwa kabla hujafika. Lenga chuma chenyewe, geuka sambamba mita ya mwisho, tia nyuma kwa mkupuo mmoja mfupi, visha kitanzi, tia mbele. Ukikosa chuma, usijaribu kukirudia ukiwa hapo. Toka, zunguka, anza upya kutoka mbali. Watu gatini watakuonyesha mikono na kukupigia kelele urushe kamba. Washukuru na uendelee kutoka. Mtu mwema anayepokea kamba yako na kuvuta omo kwa nguvu zake zote amekurudishia ule mlango na bawaba yake. Ukimpa kamba, mpe ya ubavuni, na umwambie maneno mawili tu: "Visha, usivute."

Katika upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti, kukiwa na upepo wa alasiri juu yake, kuna siku gati halifai kwa mtu mmoja. Shika boya au tia nanga, pika chai, ungoja. Jirani hatajua kama ulishindwa au ulipenda chai.

Maandalizi yote yafanyike nje, kwenye maji mapana, si ndani ya hori. Shusha matanga na uyafunge. Tanga la omo lililoachwa wazi linajaza upepo wakati usiofaa. Hapa kuna hila nzuri kwa aliye peke yake: mashua ya tanga ikisimama, omo yake hupenda kukimbia upepo. Basi igeuze tezi iutazame upepo, tia gia ya nyuma pole, nayo itakaa hapo kama imefungwa wakati wewe unapanga kamba. Ila kana ishike au uifunge kwanza, kwa kuwa ukirudi nyuma maji yanaweza kuukwapua usukani na kana ikakupiga mbavu. Dafrao ziwe pande zote mbili na kitanzi pande zote mbili, usije ukabadilisha mawazo bila vifaa. Kamba ya omo nayo ifunge mapema, uipitishe nje ya kila kitu na mwisho wake uulete nyuma ulipo, ili ukishuka ushuke nayo. Angalia petroli, kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi kiwe wazi. Mashine nyingi zinazosemwa "zimezimika gatini" zilikuwa zimenyimwa hewa.

Kamba nyekundu ya kuzimia mashine ivae mkononi tangu hapo, na jaketi la kuokoa maisha mwilini. Ukianguka ukiwa peke yako na mashine iko kwenye gia, mashua inaondoka, au inazunguka na kukurudia na rafadha yake. Kitanzi kikishavishwa na mashua ikatulia gatini, ndipo unapoivua kamba nyekundu mkononi, ukaiacha imechomekwa kwenye mashine ili isizime. Hakikisha hakuna mtoto anayeogelea karibu. Magati yetu hayakosi watoto. Kisha shuka. Nasema shuka, mguu mmoja baada ya mwingine. Kuruka hakuna tena, maana sasa hakuna haraka: mashine inafanya kazi ya yule mwenzako wa Nairobi. Funga tezi, funga omo, rudi, zima.

Kabla ya kujaribu gatini, fanya mazoezi kwenye boya lililo peke yake. Lijie, usimame kando yake likiwa usawa wa ubavu wako, uliguse kwa upembo bila kulisogeza. Fanya hivyo mkondo ukiwa mbele, kisha upepo ukiwa ubavuni, kisha kwa gia ya nyuma. Siku utakayoweza kuliweka boya ubavuni bila kusimama kutoka ulipokaa, gati limekwisha.

Na nanga isifungiwe chini ya viti. Kabla ya kuingia hori iweke pale ulipokaa, amari (kamba ya nanga) ikiwa imepangwa tayari kutoka na ncha yake imeshafungwa omo, ikipitia nje ya nyaya za mlingoti. Kwenye mita 6 za maji, amari ya mita 18 inatosha kukushika kwa muda. Mashine ikizima meta ishirini kutoka gatini, usianze kuvuta kamba ya kuiwasha. Tupa nanga kwanza, mashua ikishika ndipo urudi kwenye mashine.